Nilivyotengeneza ukurasa wa alumni wa shule yetu, na nguruwe wakanirudia

Wakuu, sasa.

Hii stori nimeibeba vya kutosha, leo naitua hapa. Yote ni kweli. Kama kuna mahali nimetia chumvi, basi Wi-Fi ya nyumbani ikatike penalti zikipigwa.

Jina langu la humu mnalijua, la kanisani ni Kariuki. Nakaa Ngoingwa. Kazi yangu ni kurekebisha laptop na kutengeneza website pale Thika mjini, kwenye duka ninalogawana na mama wa mitumba. Yeye ana wateja, mimi nina kiti.

Shule niliyosoma iko upande wa Mugutha, Ruiru. Sitaitaja jina. Ni mixed, ni boarding, na githeri yake ilikuwa na mawe mengi kuliko maharagwe. Kama umeitambua kwa hayo tu, karibu, wewe ni wa kwetu.

Basi mwanzoni mwa term Madam Principal akanipigia simu. Si yule wa enzi zetu, huyu ni mpya, lakini sauti ni ile ile wanayopewa wote. Niko karibu miaka arobaini na nilijipata nimesimama wima dukani nikiongea naye.

"Kariuki, wewe ni mtoto wa hapa," akasema. "Hii website yetu imelala kabisa. Nataka section ya alumni, na iwe na life. Prize Giving ni mwisho wa term, nataka kuionyesha wageni kwa screen."

Nikasema ndiyo Madam. Ungekuwa wewe pia ungesema.

Tukatengeneza alivyotaka. Juu kabisa, picha yake akiwa ameshika kombe la netiboli. Chini yake, ujumbe kutoka meza ya Principal, mrefu kama mahubiri ya harusi. Halafu ukuta wa waliofaulu: madaktari wawili, injinia, na assistant chief mmoja aliyepigwa picha akiangalia mbali kana kwamba anaona maendeleo yakija.

Mwisho kabisa, fomu ya kujisajili. Jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, mwaka wa kumaliza, kazi, kumbukumbu yako ya shule, na index number ya mtihani wa mwisho, KCSE. Hiyo index number nikaiwekea nyota nyekundu, yaani usipoijaza fomu inakataa kwenda mbele.

Niliuliza kama ni lazima.

"Alumni ni mtu aliyemaliza," Madam akasema. "Wengine walipita tu."

Sikubisha. Niliweka nyota nikaenda kunywa chai. Ikumbukeni hiyo nyota.

Wakuu, wiki mbili zikaisha na tuko na members wanne. Mimi. Secretary wa shule, aliyelazimishwa. Mzee fulani aliyedhani hapo ndipo pa kuulizia cheti kilichopotea. Na mganga anayeuza dawa ya kurudisha mpenzi, ambaye index number sijui aliitoa wapi. Huyo mganga ndiye pekee aliyekuwa active.

Niseme kitu hapa kidogo kwa wale wanaofanya hizi kazi. Hakuna mtu mzima anayekumbuka index number yake. Na hakuna anayeingia kwenye ukurasa wa shule kuangalia picha ya injinia aliyesoma naye, akiwa yeye mwenyewe anahangaika. Hata majina hayakusaidia. Miaka minne nimeishi na mtu anaitwa Mudguard, leo unaniambia Peter Mwangi amejiunga. Mimi namjua Peter Mwangi gani? Kiambu nzima wako.

Madam akaanza kunitumia message za alama ya kuuliza tupu. Nikaenda shuleni kutafuta picha za zamani, labda zitasaidia. Nikafunguliwa stoo, na nyuma ya viti vya lab vilivyovunjika nikakuta Black Book.

Kwa wasiojua, hicho ni kitabu cha makosa. Deputy wetu tulimuita Faru. Kila uliyoyafanya aliyaandika humo kwa mkono wake, kwa Kiingereza cha mahakama, kisha unatia sahihi. Ukiingia mara tatu unaita mzazi. Nilikaa chini kwenye vumbi nikasoma mpaka miguu ikafa ganzi. Nawatafsiria machache:

"Amepatikana akifuga kuku bwenini. Kuku amekubali."

"Ameitikia roll call kwa niaba ya watu wanne, kwa sauti nne."

"Amekataa kwenda prep akidai ana malaria ya jino."

Nikajua nimepata dhahabu. Nilipiga picha kurasa, majina nikayafunika kwa kipande cha karatasi, nikawa naweka kosa moja kila asubuhi na swali moja tu: huyu ni nani?

Comment niliziacha wazi kwa kila mtu. Wakuu, ukurasa ulilipuka. Watu walikuja kujitaja wenyewe! Watu wazima, wenye familia, wanagombania makosa. Wa kuku alijitokeza akiwa pasta Juja. Wawili walitukanana siku nzima wakigombea ile roll call, kila mmoja anasema zile sauti nne ni zake. Na malaria ya jino, naapa, ni mmoja wa wale madaktari wetu wa ukutani. Ni daktari wa meno.

Madam aliponiita nilijua nimekwisha. "Kariuki, unaniwekea wezi na wavivu kwa website ya shule?"

Nikamuonyesha kwenye simu jinsi watu wanavyoingia. Wengine walikuwa wamemsumbua secretary awatafutie index number ili wajisajili. Akatazama, akavuta miwani chini, akatazama tena.

"Haya," akasema. "Lakini picha yangu isitolewe pale juu."

Sasa hapo ndipo nilipaswa kuridhika. Lakini watu wakianza kucheka huwa wanataka zaidi, na wote walikuwa wanadai kitu kimoja. Nguruwe. Wewe admin, weka ya nguruwe! Hii website bila nguruwe ni bure!

Na mimi nilikuwa nimeiruka hiyo page makusudi.

Nieleze. Shule yetu ilifuga nguruwe, project ya Agriculture. Dume lao tulilipa jina Mheshimiwa kwa sababu lilikula sana na hakuna aliyewahi kuliona likifanya kazi. Form Three walipewa zamu ya kulisha, wiki kwa wiki. Mlango wa banda ulikuwa wa mbao, na haukuwa na kufuli. Unauvuta, kisha unazungusha waya kwenye nguzo.

Siku ya Prize Giving tukiwa Form Three, zamu ilikuwa ya Wanjala. Wanjala alikuwa kijana mtulivu, mrefu, mama yake mfanyakazi wa kiwanda Thika. Wao asili yao ni Bungoma, walikuwa wanaishi mtaa wa Landless, chumba kimoja. Darasani alikuwa ananizidi kila somo, na hakuwahi kunicheka.

Siku hiyo wageni walipikiwa chapati. Sisi tulipikiwa githeri, kama kawaida, na tukaambiwa tusikaribie jikoni. Mimi nilitumwa kubeba viti, nikapita pale, mpishi akageuka kuangalia supu. Nikaingiza chapati sita ndani ya sweta.

Chapati sita za moto kwenye kifua cha mtu wa Form Three, wakuu, hiyo siyo njaa tena, ni mapenzi.

Swali lilikuwa nizile wapi. Nikaenda mahali ambapo hakuna mtu angenifuata. Nikafungua waya, nikaingia kwa banda la nguruwe, nikachuchumaa nyuma ya ukuta wa kulishia na nikala nne nikiangaliana na Mheshimiwa. Kisha nikasikia mpishi anapiga kelele kwamba chapati zimeguswa. Nikatoka mbio. Mlango niliuvuta, waya sikuzungusha.

Dakika kumi baadaye afisa mmoja wa elimu alikuwa amesimama kwenye tenti akisema nidhamu ndiyo msingi wa mafanikio. Mheshimiwa akaingia na familia yake yote. Afisa alipanda juu ya kiti. Mama mmoja wa Board akaenda chini na meza ya zawadi, dictionary zikatapakaa kwenye matope. Kwaya, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanyamaze, iliendelea kuimba.

Tulicheka mpaka wengine wakalia.

Jumatatu assembly, Wanjala alisimamishwa mbele. Mama yake alikuwa kando ya bendera, ameshika mkoba kwa mikono miwili, na sare ya kiwanda bado mwilini.

"Nilifunga," Wanjala akasema. "Nilifunga na waya, Mwalimu."

"Kwa hivyo waya ilijifungua?" Faru akauliza.

Shule nzima ikacheka. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, na nilicheka pia. Nilicheka kwa sauti, ili nifanane na wengine. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, akabeba godoro lake mpaka geti na mama yake akashika ile ncha nyingine.

Hiyo ndiyo page walikuwa wanadai.

Nikaiweka. Prize Giving ilikuwa inakaribia, Madam anataka watu, watu wanataka nguruwe. Jina nililifunika kama kawaida, lakini halikufaa kitu maana kila mtu alikuwepo siku ile. Ndani ya saa moja jina la Wanjala lilikuwa kila mahali. Legend! Shujaa wetu! Jamaa aliwafungulia nguruwe makusudi, akaharibu sherehe ya wakubwa, apewe sanamu! Mwingine akatupa ule utani wa kabila ambao sitaurudia hapa. Nikauwekea emoji ya kicheko. Nawaambia ili mjue mnaongea na mtu wa aina gani.

Siku ya pili nikakuta comment moja ndefu kidogo katikati ya vicheko. Ilisema hivi:

"Habari zenu. Mimi naitwa Nekesa. Huyo mnamuita legend ni babangu. Hakufungulia nguruwe. Anasema alifunga ule mlango, amesema hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilijaribu kumsajili lakini fomu inataka index number na yeye hana. Kama kuna mtu anajua nani alifungua, tafadhali aseme."

Admin ana kitufe cha Hide. Nilikibonyeza.

Nilijiambia namlinda mtoto wa watu asitukanwe. Huo ulikuwa uongo na niliujua nikiutunga. Nililinda ngozi yangu mwenyewe, kama ile Jumatatu.

Kesho yake asubuhi, comment nyingine:

"Naona mmenitoa. Ni sawa tu. Hata baba mlimtoa."

Wakuu, nilifunga laptop. Mama wa mitumba akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndio, kidogo.

Kwenye zile comment kuna mtu alikuwa amesema Wanjala anafanya welding Landless, kando ya barabara. Nikapanda boda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno mazuri, na nilipofika yote yalikuwa yamebaki njiani.

Nilimtambua kwa urefu. Amenenepa, ana kijipara, amevaa miwani myeusi ya kazi. Na kazi yenyewe, Mungu ana utani wake, ni kutengeneza mageti. Yamepangwa ukutani, makubwa kwa madogo, kila moja na komeo lake.

"Karibu boss. Unataka ya nyumba ama ya ploti?"

"Wanjala, ni mimi Kariuki. Tulikuwa Three East."

Akainua miwani. "Haiya! Kariuki wa kulala? Umezeeka, bwana! Keti, keti hapo."

Angenikaribisha vibaya ningeweza kuvumilia. Alinivutia kiti, akatuma soda. Nikasema yote kabla soda haijafika, nikiwa nimesimama. Sweta, chapati, banda, waya.

Akarudisha miwani machoni, akainama, akamalizia kuchomelea bawaba aliyokuwa ameianza. Ilichukua muda. Nilidhani ndiyo njia yake ya kunifukuza.

Kisha akazima mashine.

"Zilikuwa ngapi?"

"Sita."

"Sita!" Akacheka, kicheko kifupi. "Sita, na hukuniachia hata moja."

Nikaanza kusema pole. Akaniinulia mkono.

"Skiza Kariuki. Mimi nilikuwa najua nilifunga. Nilizungusha hiyo waya mara tatu. Hiyo siku na kila siku nimekuwa nikijua. Kwa hivyo wewe kuniambia mimi, hujaniambia kitu." Akapangusa mikono. "Mama ndiye hakujua. Alinipenda, lakini kila akiniachia mlango alikuwa anarudi kuangalia kama nimefunga. Mpaka akakufa. Sasa huyo huwezi kumwambia tena. Hao wengine wako. Enda uambie hao."

Soda niliinywa kwa sababu alisema ni mbaya kuacha soda ya mtu. Sijawahi kunywa kitu kigumu vile.

Nikarudi dukani nikaandika. Sikufunika jina. Niliweka picha ya ile page ya Black Book, na chini yake nikaandika kwamba aliyefungua ni mimi, Kariuki wa Three East, admin wa ukurasa huu, na wala haikuwa ushujaa, ilikuwa ulafi. Comment za Nekesa nikazirudisha zote mbili.

Simu ya Madam iliingia kabla sijamaliza kupumua.

"Kariuki! Unataka guest of honour asome kwamba mtu wetu wa website ni mwizi wa chapati?"

"Madam, ni mwizi wa chapati."

Akaguna.

"Na kuna kingine," nikasema. "Ile nyota ya index number naitoa."

"Tuliongea. Alumni ni mtu aliyemaliza."

"Madam, huyu hakumaliza kwa sababu yangu. Kama lazima mtu atolewe, nitoe mimi. Cheti changu ndicho kina mafuta ya chapati."

Nilisikia akipumua. Walimu wana namna ya kupumua unajua kama umepona au la.

"Toa hiyo nyota," akasema. "Lakini picha yangu na kombe..."

"Inabaki juu, Madam."

Matusi niliyopata kwenye ukurasa siwezi kuyaandika hapa, moderator ni Mkristo. Yule pasta wa kuku alinitumia mistari ya Biblia, yote kuhusu nguruwe. Daktari wa meno alisema nikienda kwake ataning'oa bila sindano. Nilistahili. Kilichonishangaza ni kwamba katikati ya matusi watu walianza kumuomba Wanjala msamaha, mmoja mmoja, kwa kucheka siku ile ya assembly. Mimi nilidhani niliyebeba kitu ni peke yangu.

Wiki hiyo hiyo nikiwa ofisini kwa Madam napanga picha, mlango ukabishwa. Akaingia Faru. Mzee sasa, amestaafu siku nyingi, fimbo mkononi. Mjukuu wake alikuwa amemsomea yote kwenye simu. Nilisimama bila kuambiwa.

Hakunisalimia. Akaomba kile kitabu, akaomba rula na biro nyekundu. Akafungua ile page, akakata jina la Wanjala kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika langu juu yake. Kosa akaliandika upya. Kisha akanisukumia kitabu.

"Sign."

Nikatia sahihi. Miaka minne shuleni sikuingia Black Book hata mara moja, na hiyo nilikuwa nikijivunia.

"Nilipaswa kuuliza maswali zaidi siku ile," akasema bila kuniangalia. "Sikuuliza." Akaniomba namba ya Wanjala. Aliyomwambia sijui, sikuuliza wala sitauliza.

Siku mbili baadaye fomu moja mpya iliingia kwa admin, inasubiri kukubaliwa. Naiandika kama ilivyokuja:

Jina: Wanjala.

Mwaka wa kumaliza: Sikumaliza.

Kazi: Fundi wa mageti, Landless.

Kumbukumbu yako ya shule: Nilifunga.

Nilibonyeza Approve nikiwa nimesimama.

Basi hiyo ndiyo stori. Somo kwa wenzangu wa website: makombe hayaleti mtu. Waache watu waje na aibu zao na majina yao ya utani, utaona ukurasa unapumua. Na kabla hujaweka nyota nyekundu kwenye fomu, uliza ni nani unamfungia nje, maana mimi niliiweka kwa mkono wangu huu nikaenda kunywa chai.

La kwangu binafsi ni dogo na ni chungu. Niliona nikisema nitachekwa, na nikanyamaza miaka ishirini na kitu. Nilipomaliza kusema nilichekwa siku tatu tu. Mama yake Wanjala hakuziona hizo siku tatu, na hilo sina namna ya kulirekebisha.

Uwanja ni wenu wakuu. Wa kunitukana wapange foleni, nimezoea. Mwenye nguruwe aliyemfungulia akabebeshwa mwingine, amwage hapa leo. Na kama wewe ndiye uliyebebeshwa, andika hata neno moja. Huku hakuna nyota nyekundu.